Mfuko wa Kolostomi na Safari Yake hadi Bonde la Kilombero

Kolostomi ni tundu ambalo daktari wa upasuaji hulifungua tumboni ili haja kubwa ipite hapo badala ya njia yake ya kawaida. Tundu hilo halina msuli wa kuzuia. Haja hutoka wakati wowote, na lazima kiwepo cha kuipokea.

Kisu kilitangulia mfuko kwa zaidi ya karne moja na nusu. Mwaka 1793, huko Brest, Ufaransa, daktari Duret alimfungulia tundu mtoto aliyezaliwa bila njia ya haja kubwa. Mtoto huyo aliishi miaka 45. Wagonjwa wa baadaye walijifunga vitambaa, vikopo, kisha mifuko ya mpira, na mpira ukishanyonya harufu hausafishiki. Mwaka 1954 muuguzi wa Denmark, Elise Sørensen, alimwona dada yake Thora akijifungia ndani kwa hofu ya kuvujiwa mbele za watu. Akabuni mfuko wa plastiki wenye gundi, wa kutumia na kutupa. Mabadiliko makubwa kuliko yote katika historia hii yalitoka kwa ndugu aliyekuwa akimtazama ndugu yake.

Afrika Mashariki ilikuwa na visa vyake. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefika Uganda mwaka 1946, aliandika mwaka 1971 kwamba saratani ya utumbo mpana ilikuwa nadra kwa Waafrika waliokula vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi. Kolostomi za huku zilitokana zaidi na utumbo kujisokota, na majeraha. Kwa mtu wa Mofu, katika Bonde la Kilombero, upasuaji ulimaanisha safari ya Ifakara, kwenye Hospitali ya Mtakatifu Fransisko iliyokuzwa na Wakapuchini wa Uswisi.

Mfuko wa dukani ni ghali, na vijijini haupatikani kirahisi. Ndiyo maana familia nyingi zilitumia pamba, kipande cha khanga na rambo, yaani mfuko mwepesi wa plastiki, lililofungwa kwa kamba kiunoni. Rambo lilipigwa marufuku Tanzania tarehe 1 Juni 2019, lakini udhaifu wake ulikuwa wa zamani: halishiki ngozi. Haja hupenya pembeni, ngozi huchubuka, chumba hunuka, na mzee mwenye kolostomi huanza kukwepa wageni.

Mfuko ulioshika vizuri haunuki mpaka unapofunguliwa. Anayemsaidia babu au bibi hufunga mlango, huosha ngozi kwa maji ya uvuguvugu bila mafuta wala sabuni ya manukato, huikausha, kisha hukata tundu la mfuko likalingana na la tumboni. Mfuko humwagwa ukijaa theluthi. Wali, chakula cha kila siku bondeni, hukaza choo. Samaki, maharage na kabichi huongeza harufu au gesi, ila kumnyima mzee wa Mofu samaki ni kumwonea. Hupunguziwa tu siku ya msiba au ibada.

Tundu lenye afya ni jekundu na lenye unyevu, na likiguswa haliumi. Likigeuka jeusi, au choo kikikatika huku tumbo likivimba, mzee apelekwe Ifakara siku hiyohiyo, hata kama ni masika na njia imejaa maji.