Shule au mashule?

Ndani ya daladala ya Mbagala, abiria analalamika: "Mashule yakifunguliwa, foleni haishi." Wahariri wengi wangemsahihisha aseme "shule zikifunguliwa". Mimi namtetea kidogo.

Neno hili tulilichukua kwa Wajerumani, waliotutawala hadi Vita Kuu ya Kwanza; nao walilikopa kutoka Kilatini. Kwao umoja ni Schule, wingi Schulen. Hiyo n ya mwisho ni mabaki ya kundi la kale la nomino katika lugha za jamii ya Kijerumani, kundi lile lile lililomwachia Mwingereza wingi wa maksai, oxen. Makundi ya nomino katika lugha hizo yalitambulika kwa miisho, na miisho huchakaa: mkazo ulikaa mwanzoni mwa neno, silabi za nyuma zikafifia, Kiingereza kikapoteza karibu zote.

Sisi tulichukua umoja, n tukaiacha. Viambishi vya ngeli zetu hukaa mbele. Kitabu cha Mwarabu kilipofika na ki- yake, tukakipa vitabu mara moja. Shule haikuwa na kiambishi cha kushika, ikaingia katika ngeli ya I-ZI, ambamo umbo la nomino halibadiliki: shule yangu, shule zangu. Wingi unaonekana kwenye neno linalofuata tu. Ndiyo maana msemaji wa Mbagala anatafuta ma-, ili wingi usikike kwenye nomino yenyewe.

Katika mtihani na gazetini andika "shule zimefunguliwa". Hicho ndicho Kiswahili sanifu. Ila mwalimu, usimwambie mtoto wa Mbagala kwamba hajui Kiswahili.