Santuri Inakaa Juu ya Nini?

Vijana wanaoniletea mashine za santuri siku hizi huanza na miguu. Fundi, nitie mpira, nitie springi, au niagize zile koni za shaba? Wameona picha, wameona na bei, na bei yenyewe mara nyingine huipita ya mashine. Mimi huwarudishia swali: unakaa wapi? Ghorofa ya ngapi, sakafu ya nini, spika umeziweka upande gani? Wapo wanaodhani nawazungusha. Lakini nazifungua mashine hizi tangu enzi za marehemu mjomba, aliyekuwa na kibanda cha redio Mwembe Tayari hapa Mombasa, na kila mguu niliokutana nao una nyumba ulikotoka. Aliyeubuni alikuwa na sakafu yake, na shida yake.

Zamani shida yenyewe haikuwepo. Siti binti Saad aliporekodi Bombay mwaka 1928 kwa HMV, nyimbo zake zilirudi pwani zikapigwa kwenye gramafoni za kutia ufunguo kwa mkono. Springi ilikuwemo, ila ya kuzungusha sahani. Sindano ya chuma iliilemea santuri kwa gramu mia na ushei, sauti ikatoka kwenye kiwambo na pembe yake bila umeme wowote. Watu wakacheza, watoto wakarukaruka, na gramafoni isijali.

Ugonjwa ulikuja kwa amplifaya, ukazidi kwa LP. Ile LP iliyotolewa na Columbia mwaka 1948 mfereji wake una upana wa sehemu tano hivi za mia za milimita, na sindano siku hizi huukanyaga kwa gramu mbili au pungufu. Sindano haina akili ya kutenganisha. Ikitikiswa na muziki inapeleka, ikitikiswa na unyayo wa mtu inapeleka vilevile. Halafu kuna jambo ambalo wateja wengi hawalijui: besi hurekodiwa ikiwa imepunguzwa, la sivyo mfereji ungetanuka ukaingia kwa jirani yake, kisha amplifaya huirudisha. Kwa kanuni ya RIAA, iliyoanza kutumika mwaka 1954, sauti ya hezi 20 hukuzwa takriban mara kumi kuliko ile ya hezi 1,000. Na huko chini ndiko ziliko nyayo za watu, malori, na mlango uliopigwa kwa hasira. Ikishatoka kwenye spika, besi hiyo hupita sakafuni, hupanda kabati, huirudia sindano, ikatoka tena kubwa zaidi. Ukiongeza sauti, nyumba nzima inavuma.

Wa kwanza kukutana na ugonjwa huo kwa wingi mjini kwetu walikuwa wenye radiogramu. Miaka ya sitini, nyumba yenye nafasi ilikuwa na kabati la Grundig au Philips lililong'arishwa, redio upande mmoja, santuri upande mwingine, na spika mle mle ndani. Sindano na spika wanalala kitanda kimoja! Kwa hiyo mashine za ndani, Garrard nyingi na BSR nyingi, hazikufungwa kwenye ubao. Zilielea juu ya springi fupi. Kiwandani zilikazwa kwa skrubu ndefu ili zisivunjike njiani, na mnunuzi alitakiwa azilegeze akifika nyumbani. Maelezo hayo yalikuwa kwenye kikaratasi cha Kiingereza au Kijerumani ambacho hakuna aliyekisoma. Mjomba alipoitwa kutazama radiogramu inayonguruma, hakuanza na valvu. Aliinua mfuniko, akaibonyeza mashine kwa kiganja. Ikigoma kushuka, alitoa bisibisi, akalegeza, akaomba chai.

Springi zile zilisaidia, ila zilikuwa ngumu. Tena ziliibeba mashine nzima, mota na sahani na mkono pamoja, ukafaidika kidogo tu. Aliyeligeuza jambo ni Mmarekani Edgar Villchur, mwasisi wa Acoustic Research pamoja na Henry Kloss, huko Cambridge, Massachusetts, mwaka 1954. Mashine yake ya santuri ilitoka mwaka 1961. Ukiitazama juu huoni ajabu. Ifungue chini: kipande cha chuma chenye umbo la herufi T kimebeba sahani na mkono kwa pamoja, nacho kinaning'inia kwenye springi tatu laini. Mota imeachwa peke yake kwenye bamba la juu, ikivuta sahani kwa mkanda wa mpira. Hilo la kufunga sahani na mkono kwenye kipande kimoja ndilo lililobeba kazi yote. Sindano husoma tofauti kati ya mkono na santuri. Vikienda pamoja, viende popote, sindano haina la kusema. Villchur alikuwa akiwaonyesha watu kwa kuigonga mashine kwa nyundo huku santuri ikiendelea kuimba. Kampuni yake ilikuwa na chumba cha kusikilizia muziki ndani ya Grand Central, stesheni ya treni ya New York, na kwa mashine kama ile sidhani wangeweza kuchagua jirani bora.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu hesabu yake ni nyepesi na inaokoa pesa. Springi ikibeba mzigo hushuka. Pima kushuka kwake kwa rula, utajua inapenda kutikisika kwa masafa gani. Ikishuka sentimita moja, ni kama hezi 5. Ikishuka mbili na nusu, ni hezi 3 na kidogo. Ikishuka milimita moja tu, ni hezi 16. Kinga huanza juu ya hapo, kwenye mara 1.4 ya masafa hayo. Chini yake springi haizuii chochote, na ikikutana na mtetemo wa masafa yake yenyewe huukuza badala ya kuuzima. Sasa chukua ule mpira mwembamba unaouzwa kama dawa ya kila kitu. Uweke chini ya mashine, utazame unabonyea kiasi gani. Nusu milimita? Basi kwa nyayo za watu haufanyi kazi yoyote, hata ukiwa umetengenezwa kwa malighafi yenye jina refu. Unaweza kupunguza mlio wa juu unaopita kwenye ubao, na hilo lina faida yake, ila si ile uliyoambiwa dukani.

Wengine wakamfuata Villchur. Thorens, kampuni ya Uswisi iliyoanza mwaka 1883 kwa kutengeneza visanduku vya muziki, ilitoa TD 150 mwaka 1965, nayo ina springi tatu. Kisha Glasgow, Ivor Tiefenbrun, ambaye baba yake alikuwa na karakana ya kuchonga vyuma, akaja na Linn Sondek LP12 mwaka 1973. Inatengenezwa hadi leo. Watu wa Linn walikuwa na itikadi zao: chumba cha kusikilizia kisiwe na spika nyingine isiyotumika, kwa kuwa hata hiyo hutetemeka. Mtu anaweza kucheka, na mimi nilicheka, lakini kwenye springi walijua wanachokisema. Nimewahi kupata LP12 moja tu ya kurekebisha, ya bwana mmoja aliyerudi kutoka Uingereza. Unaiweka juu ya fremu iliyo wazi ili uifikie kwa chini, unazungusha nati moja baada ya nyingine, unagusa sahani kwa kidole. Sahani inatakiwa iende juu na chini wima, mara kadhaa, bila kuyumba kando. Ikiyumba, nati haziko sawa, au springi imekaa upande, au waya wa mkono unavuta. Ule waya ulinichosha. Ni mwembamba kama uzi, lakini ukiupinda vibaya unaishika mashine nzima ya kilo kadhaa isicheze.

Kasoro ya springi ilijulikana mapema. Mtu hutembea hatua kama mbili kwa sekunde, na sakafu ya mbao ya nyumba za Uingereza huruka naye. Mashine inayopenda kutikisika kwa hezi 3 au 4 ikiwekwa juu ya sakafu hiyo huinuka na kushuka kama mtumbwi, na sindano huruka. Dawa ikawa kuihamisha kutoka sakafuni hadi ukutani, juu ya rafu iliyofungwa kwa bolti. Wapo waliokwenda mbali zaidi wakazitupa springi kabisa. Rega, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1973 na Tony Relph na Roy Gandy, ilitengeneza mashine nyepesi, ubao mgumu juu ya miguu mitatu ya mpira. Hoja yao ilikuwa kwamba kitu chepesi na kigumu hakihifadhi mtetemo, basi kipe mahali patulivu pa kukaa kisha ukiache. Nyumba zile zile, sakafu zile zile, majibu mawili yanayopingana, na yote mawili yanapiga muziki mzuri ukiyafunga ukutani.

Japani walikwenda njia nyingine. Technics ilitoa SP-10 mwaka 1970, mota ikizungusha sahani yenyewe bila mkanda, kisha SL-1200 mwaka 1972. Ilikusudiwa sebule. Waliochukua mashine ile ni watu wa disko, na watu wa disko wana maisha yao: mashine iko mita chache kutoka spika kubwa kuliko mtu, meza inagongwa, santuri inarudishwa nyuma kwa mkono. Springi laini hapo ni balaa, maana ukiigusa tu sahani inacheza. Ile MK2 ya mwaka 1979 ikajibu kwa uzito: mwili wa alumini, chini yake tabaka nene la mpira mzito, miguu mikubwa ya kusawazisha, na jumla inapita kilo 11. Madijei bado hawakuridhika. Wakaikalisha juu ya slabu ya zege, na slabu juu ya sponji. Huo si ushamba; uzito mkubwa juu ya kitu laini ndiyo hesabu ile ile ya Villchur, imefanywa kwa vifaa vya mjengo.

Sasa njoo Mombasa. Mji wa Kale nyumba nyingi za ghorofa sakafu zake ni boriti za mikoko zilizopangwa karibu karibu, juu yake mawe ya matumbawe na chokaa. Boriti haina urefu mkubwa, ndiyo maana vyumba ni vyembamba, mita mbili na nusu hadi tatu hivi. Sakafu hiyo ni nzito, hairuki kama ya mbao tupu. Lakini boriti za zamani hulegea katikati. Bibi mmoja wa huko alinieleza kuwa santuri yake huruka mjukuu anapopita na sinia. Nilimwomba mjukuu apite tena, mimi nikiwa nimeweka kiganja sakafuni, kwanza katikati ya chumba, halafu karibu na ukuta ambako boriti zinaingia. Tofauti ilikuwa dhahiri. Tulisogeza kabati hadi ukutani, basi, sikumwuzia mguu wowote. Rafu ya ukutani ingekuwa bora zaidi, ila jiwe la matumbawe lina matundu, plagi ya plastiki haishiki; inabidi bolti ndefu na udongo wa saruji, uache ukauke vizuri, na wenye nyumba wengi hawataki kutobolewa.

Fleti za Nyali na Kizingo ni habari nyingine. Zege na vigae, sakafu imetulia, lori likipita barabarani halisikiki kwenye sindano. Huko adui ni spika iliyowekwa juu ya kabati moja na santuri. Kijana mmoja alinijia na miguu ya springi aliyoagiza kutoka ng'ambo, minne, akilalamika kuwa mvumo haujaisha. Nilimwonyesha jaribio la mjomba: santuri iwe imesimama, shusha sindano, ongeza sauti taratibu, kisha gonga kwa kifundo cha kidole. Gonga ubao wa mashine, gonga rafu, gonga sakafu, gonga kabati. Unapogonga na spika zikajibu "du!" kwa nguvu, njia ya mtetemo iko hapo. Kwake sakafu ilikuwa kimya. Kabati lilipiga ngoma. Aidha, springi zake ziliuzwa kwa mashine ya kilo 15 na yake haifiki 6, kwa hiyo hazikushuka hata milimita mbili. Ukishajua uzito unaweza kununua springi sahihi, au ukaweka jiwe la marumaru juu yake hadi zishuke sentimita moja.

Tulihamisha spika kwenye stendi, mvumo ukaisha. Springi aliziacha, kwa kuwa zinapendeza. Wale wanaonunua miguu ya bei mbaya kwa ajili ya amplifaya za transista nawaambia wabaki na hela zao. Amplifaya hiyo haina kinachosoma mtetemo. Ya valvu ni tofauti kidogo, valvu kuukuu ukiigonga hulia kwenye spika, na hapo kipande cha mpira kinatosha.

Mashine nyingi ninazopokea sasa ni za mtumba, zinakuja ndani ya makontena. Ukinunua mojawapo yenye springi, kabla hujaiwasha igeuze utazame zile skrubu za safari. Mara nyingi bado zimekazwa, au zimetolewa kabisa na mashine imesafiri bahari nzima ikijipigapiga, springi moja imechomoka na inazunguka ndani ya boksi. Hiyo nairudisha kwa nusu saa. Springi iliyonyooka haiwezi kurudi, na za Thorens za zamani ni vigumu kuzipata. Usikubali mtu akukatie springi ya godoro.