Vitu vya Kale na Mahali Pake

Miaka michache iliyopita tuliwaambia watoto wa shule yetu walete kila kitu cha kale watakachookota. Wakaleta vigae, shanga, na sarafu mbili zilizoliwa na kutu. Tukafurahi, tukaviweka kabatini. Siku moja mgeni akauliza, "Sarafu hizi ziliokotwa wapi?" Tukatazamana; hapana aliyekumbuka. Ndipo tulipoona kosa letu, na kwa sababu hiyo twapenda kuwasimulia wasomaji habari mbili za watu waliookota vitu vya kale.

Katika nchi ya Uingereza wako watu ambao, baada ya kazi zao, hutembea mashambani kwa kujifurahisha, wakichukua chombo kinacholia kikipita juu ya madini yaliyofukiwa. Mmoja wao alikuwa Eric Lawes. Tarehe 16 Novemba 1992 mkulima wa kijiji cha Hoxne alimwomba amtafutie nyundo iliyopotea shambani. Chombo kikalia, Lawes akachimba, akaona vijiko vya fedha, mikufu ya dhahabu na sarafu nyingi. Alipokwisha kutoa sehemu yake, akajizuia, akapeleka habari kwa wakuu.

Kesho yake wakaja wenye elimu ya mambo ya kale, wakafukua polepole, wakiandika jinsi kila kitu kilivyolala. Sarafu zilikuwa 14,865, nazo zilifichwa baada ya mwaka 407, wakati utawala wa Warumi katika nchi ile ulipokuwa ukikoma. Tena walitambua ya kuwa mali ile ilikuwa imepangwa kwa taratibu ndani ya sanduku la mbao. Sanduku lenyewe lilikuwa limekwisha kuoza. Kama Lawes angaliendelea kuchimba kwa pupa, dhahabu ingalipatikana vilevile, lakini habari za sanduku zingalipotea. Akapewa thawabu ya paundi 1,750,000, akagawana na mkulima. Nyundo nayo ilionekana, ikawekwa makumbusho mjini London pamoja na hazina ile.

Habari ya pili yatuhusu sisi watu wa Afrika ya Mashariki. Mwaka 1944, wakati wa vita, askari wa Australia jina lake Maurie Isenberg alikuwa zamu katika visiwa vya Wessel, kaskazini ya nchi yake. Akaokota sarafu 9 mchangani, akazitia mkebeni, zikakaa humo miaka mingi. Zilipochunguzwa mwaka 1979, nne zilikuwa za Waholanzi, na tano zilikuwa za shaba, zilizopigwa Kilwa!

Hebu msomaji atazame ramani, aone bahari iliyo kati ya Kilwa na Australia. Nani alizifikisha huko? Sarafu zenyewe hazitoshi kujibu. Sarafu ya shaba ya Kilwa ina jina la sultani upande mmoja, na upande wa pili maneno ya kumtaja Mungu yenye kina kimoja na jina lile. Lakini mwaka haukuandikwa. Mwaka hutafutwa katika tabaka la udongo, na katika vitu vilivyolala pamoja nayo. Hatumlaumu Isenberg. Alikuwa vitani, tena alifanya jambo moja jema: alitia alama ya mahali pale katika ramani, na kwa alama ile wachunguzi walifika kisiwani mwaka 2013. Walakini ramani haiwezi kueleza zililalaje, wala zilikuwa pamoja na nini.

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Udongo ndio daftari la vitu vya kale, na anayechimba ovyo huchana kurasa zake. Tena sheria ya Tanzania ya mwaka 1964 yakataza kuchimba mahali pa kale bila ruhusa.

Basi, ndugu, mvua ikifunua kigae au sarafu katika shamba lako, usitie jembe kutafuta zaidi, wala usikimbilie kwa mnunuzi. Tia alama mahali pale, andika siku na jinsi ulivyokiona, kisha upeleke habari kwa wakuu wanaohusika. Na sisi walimu tuwafundishe watoto vivyo hivyo. Zile sarafu mbili zimo kabatini mwetu hata leo. Watoto huzishika na kuuliza habari zake, nasi hatuna la kuwajibu.