Sauti Kutoka Washington katika Mwambao wa Rumonge: Historia ya Idhaa Mbili na Wasikilizaji Wake

Historia ya redio za kimataifa kwa kawaida huandikwa kutoka upande wa msemaji: lini idhaa ilianzishwa, nani aliidhinisha fedha, mtambo ulijengwa wapi. Makala haya yanaitazama historia ya Sauti ya Amerika kutoka upande wa pili, yaani mwambao wa Ziwa Tanganyika katika nchi ya Burundi, na hasa mji wa Rumonge, ulio kilomita zipatazo 70 kusini mwa Bujumbura. Hoja yake ni hii: shirika hilo liliugawa ulimwengu kwa lugha, na mgawanyo huo, uliofanywa mbali na ziwa, haukulingana na mahali ambapo watu huishi kwa lugha mbili kwa wakati mmoja. Msikilizaji wa Rumonge alilazimika kujiunganishia mwenyewe habari alizoletewa zikiwa zimekatwa vipande viwili.

Sauti ya Amerika ilianza kurusha matangazo tarehe 1 Februari 1942, kwa Kijerumani, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Bara la Afrika halikuwa katika fikra za waanzilishi wake. Lilipoingia katika mahesabu, liliingia pamoja na uhuru wa nchi zake na ushindani wa mataifa makubwa: Idhaa ya Kiswahili ilianzishwa mwaka 1962, mwaka uleule ambao Burundi ilijitawala, tarehe 1 Julai, na miezi michache tu baada ya Tanganyika. Moscow, Peking, Cairo na London nazo zilikuwa zikizungumza Kiswahili hewani katika miaka hiyo. Kwa mara ya kwanza lugha hii ikawa na wagombea wengi walioko nje ya Afrika, kila mmoja akitaka kusikika jikoni, dukani na ufukweni.

Jambo moja la kisheria hufaa kukumbukwa hapa, maana hutajwa kwa nadra katika maandiko yetu. Sheria ya Marekani ya mwaka 1948, iliyofahamika kwa majina ya Smith na Mundt, ilizuia matangazo hayo yasisambazwe ndani ya Marekani kwenyewe, na zuio hilo lilidumu hadi lilipolegezwa mwaka 2013. Kwa miongo mingi, basi, mvuvi wa Rumonge alipewa chombo ambacho mlipa kodi aliyekigharimia hakuruhusiwa kuletewa. Mwaka 1976 Rais Gerald Ford alitia saini hati iliyolitaka shirika liwe chanzo cha habari cha kuaminika na sahihi, liiwakilishe jamii yote ya Marekani, na lieleze sera za nchi hiyo waziwazi. Masharti hayo matatu hayakai pamoja kwa urahisi, na historia yote iliyofuata inaweza kusomwa kama mvutano kati ya sharti la kwanza na la tatu.

Kwa nini Kiswahili kisikilizwe Rumonge? Wasiouzoea mwambao huu hudhani kwamba Burundi ni nchi ya Kirundi peke yake. Lakini kuanzia njia za biashara za karne ya 19, zilizoiunganisha Ujiji na pande zote za ziwa, Kiswahili kimekuwa lugha ya soko, ya msikiti, ya bandari na ya mawese. Burundi inamiliki takribani asilimia 8 tu ya ziwa hili, lakini maisha ya mwambao wake hayaishii katika sehemu hiyo. Samaki aitwaye mukeke huku ndiye mgebuka wa Kigoma. Ndagala wetu ndio dagaa wao. Mtu anayeuza ndagala Rumonge lazima ajue kinachotokea Kigoma, Kalemie, Baraka na Uvira. Habari hizo zilimfikia kwa Kiswahili. Za tarafani kwake na za Bujumbura zilimfikia kwa Kirundi.

Yafaa kuongeza, kwa kupita, kwamba kumbukumbu za uvuvi wa ziwa hili za miaka ya 1990 zinavitaja vyombo vikubwa vya kuvulia usiku kwa taa na wavu wa kuinua katika upande wa Burundi kwa jina la Apollo, jina lilelile la safari za Wamarekani kwenda mwezini. Ni jina la ajabu kwa chombo ambacho hakitoki kuvua mbalamwezi inapong'aa.

Mwaka 1972 ndio uliougeuza mwambao huu kuwa jamii ya wasikilizaji waliotawanyika. Uasi uliozuka tarehe 29 Aprili katika maeneo ya Rumonge na Nyanza-Lac, na mauaji makubwa ya Wahutu yaliyofuata nchini kote, viliwavusha maelfu ya watu hadi Tanzania, katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Watoto waliokulia huko walisoma kwa Kiswahili. Redio ya taifa ya Burundi, iliyokuwa mikononi mwa serikali, haikuwa mahali pa kuutafuta ukweli wa msiba huo. Idhaa za nje zilijaza sehemu ya pengo, ingawa kwa uchache: katika miaka ya 1970 Washington haikuwa na dawati la Kirundi, na mwambao ulisikia habari zake zikisimuliwa kwa Kiswahili kama habari za mbali.

Dawati hilo lilizaliwa kutokana na janga jingine. Baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye Oktoba 1993, na baada ya maangamizi ya Rwanda ya mwaka 1994, ambapo redio RTLM ilitumika kuchochea mauaji, mashirika ya nje yalitambua kwamba lugha ya chuki haiwezi kujibiwa kwa Kifaransa peke yake. BBC ilianza matangazo ya Kinyarwanda na Kirundi mwaka 1994, mwanzoni yakisaidia familia zilizopotezana. Mwaka 1995 shirika la Kimarekani la Search for Common Ground lilianzisha Studio Ijambo mjini Bujumbura, likiwakutanisha wanahabari Wahutu na Watutsi katika chumba kimoja. Mwaka 1996 Sauti ya Amerika ikafungua idhaa ya Kirundi na Kinyarwanda, iliyojulikana kwa wasikilizaji wake kama Ijwi ry'Amerika.

Hapo ndipo mgawanyo ninaouzungumzia ulipokamilika. Burundi ikawa ya dawati la Kirundi na Kinyarwanda. Tanzania, Kenya na sehemu kubwa ya mashariki ya Kongo zikawa za dawati la Kiswahili. Kwa mtu wa Gitega mgawanyo huo haukuwa na kasoro. Kwa mtu wa Rumonge ulimaanisha kwamba mazungumzo ya Arusha, yaliyozaa mkataba wa tarehe 28 Agosti 2000, yalimjia mara mbili na kwa sura mbili: kwa Kirundi kama jambo la vyama na majeshi ya nchi yake, kwa Kiswahili kama jambo la wapatanishi, Nyerere na kisha Mandela, na la wakimbizi waliokuwa kambini upande wa pili. Suala la ardhi za waliokimbia mwaka 1972, ambalo ndilo lililokuwa likiwakosesha usingizi wenyeji na warejeao mwambaoni, lilikaa katikati ya madawati hayo mawili. Mwandishi wa makala haya anaona kwamba hapo ndipo pengo lilipokuwa kubwa zaidi: waliokuwa Katumba wakijiandaa kurudi, na waliokuwa Rumonge wakilima mashamba yaleyale, walihitaji kusikiana katika kipindi kimoja.

Redio Kwizera, iliyoanzishwa Ngara na shirika la Wajesuiti la kuwahudumia wakimbizi mwaka 1995, ililikaribia hitaji hilo kuliko Washington, kwa sababu ilizungumza na wakimbizi na wenyeji mahali pamoja.

Mapema karne hii redio binafsi za Bujumbura, zikiwemo Bonesha, Redio Publique Africaine na Isanganiro, zilipunguza utegemezi wa sauti za nje. Kipindi hicho hakikudumu. Mwishoni mwa Aprili 2015, maandamano ya kupinga muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza yalipoanza, matangazo yao kwenda mikoani yalikatwa. Baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 13 Mei, vituo hivyo vilishambuliwa na kunyamazishwa. Rumonge ilikuwa imefanywa makao ya mkoa mpya miezi miwili tu kabla. Wiki hizohizo maelfu ya watu walikimbia kwa njia ya ziwa hadi Kagunga, kijiji chembamba kati ya mlima na maji, ambako meli ya Liemba iliwachukua kuwapeleka Kigoma. Sauti za Washington na London zikarudi kuwa za lazima.

Utegemezi huo ulikuwa na hatari mbili, na zote mbili zimetimia. Ya kwanza ilitoka Bujumbura. Mei 2018, siku chache kabla ya kura ya maoni ya katiba, Baraza la Taifa la Mawasiliano liliisimamisha BBC na Sauti ya Amerika kwa miezi sita. Tarehe 29 Machi 2019 liliifutia BBC kibali chake na kurefusha adhabu ya Sauti ya Amerika bila kutaja mwisho. Hata hivyo amri iliyotolewa Bujumbura haikuzuia masafa mafupi yaliyotoka Botswana au São Tomé, wala simu ya mkononi. Ya pili ilitoka Washington kwenyewe. Tarehe 14 Machi 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri ya kulipunguza shirika mama la Sauti ya Amerika hadi kiwango cha chini kabisa kinachoruhusiwa na sheria, na siku iliyofuata wafanyakazi zaidi ya 1,300 wakapewa likizo ya lazima. Hapo masafa mafupi hayakusaidia kitu, kwa kuwa hapakuwa na aliyezungumza. Mahakama ziliingilia kati, na mashauri yakaendelea. Kwa mshauri wa sera wa ukanda wetu, tofauti kati ya hatari hizi mbili ni muhimu: ya kwanza inaweza kujadiliwa katika vikao vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ya pili haiwezi.

Jumuiya hiyo, ambayo Burundi iliingia mwaka 2007 na Kongo mwaka 2022, sasa inazishika pwani zote za ziwa isipokuwa ile ya Zambia, na Kiswahili kimekubaliwa kuwa lugha yake rasmi. Ndani ya Burundi, hata hivyo, sheria ya lugha ya mwaka 2014 iliongeza Kiingereza kuwa lugha rasmi na kukiacha Kiswahili nje. Mwaka 2024 Tanzania ilipumzisha uvuvi katika ziwa hili kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Tangazo la namna hiyo linamhusu mvuvi wa Rumonge sawasawa na wa Kigoma, kwa sababu ndagala na dagaa ni samaki mmoja. Linapaswa kusikika kwa Kirundi na kwa Kiswahili, saa ileile, kutoka kituo kilichopo ziwani, na gharama ya kituo cha aina hiyo ni swali ambalo Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika zinaweza kuliweka mezani pamoja.