Kati ya Ziwa na Upinde

Novemba 1857 Richard Burton na John Speke waliingia Kazeh, mji ambao leo ni sehemu ya Tabora, siku 134 tangu waondoke pwani. Walipokelewa na Snay bin Amir, mfanyabiashara Mwarabu aliyekuwa ameshazoea bara. Burton akakaa chini kuandika: mizigo, shanga, nyumba, pombe ya mtama. Kitabu chake kilitoka London mwaka 1860, juzuu mbili nene. Humo watoto wa Kinyamwezi wamepata nafasi ndogo mno. Anasema wananyonya hadi mwisho wa mwaka wa pili, halafu anaruka moja kwa moja hadi mvulana wa miaka minne anayeanza kufundishwa upinde.

Sehemu hiyo nimeirudia mara nyingi siku hizi, maana nina binti mdogo, na ninachokitafuta mimi kimo ndani ya mruko huo. Huyo mtoto alikula nini kabla hajafika kwenye upinde? Alianza lini kukishika chakula kwa mkono wake? Burton alipima karibu kila kitu kilichopita mbele yake, lakini mtoto anayekula hakumwona kama habari.

Na watoto walikuwepo njiani. Msafara haukuwa wa wanaume peke yao. Wasafiri wa karne ya 19 waliwataja wanawake waliofuatana na waume zao wapagazi, vyombo vya kupikia kichwani, mtoto mgongoni. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu wapagazi, amewarudisha wanawake hao mahali pao katika historia. Posho ya mpagazi ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, chini ya kilo moja. Wa mgongoni alikula kutoka kwenye kibaba cha mtu mwingine.

Sasa fikiria jioni kambini. Watu wamechoka, kuni ni za kuokoteza, na kinachopikwa ni chungu kimoja cha ugali wa mtama au uwele. Nani angesimama kupika chakula cha pili cha mtoto? Ukiutazama ugali kwa jicho la mtoto asiye na meno, ni chakula cha ajabu: laini, haumwagiki, unashikika. Mama anafinya tonge, analipoza, anampa mtoto mkononi. Naamini wengi wao walianza hivyo, kwa tonge, kwa sababu njia yenyewe haikuwapa nafasi ya kuanza vingine.

(Kulikuwa na mmoja aliyerudi nyuma, kwenye vyakula laini. Livingstone alipofika Kwihara na Stanley, Februari 1872, alikuwa ameshapoteza meno mengi kwa kutafuna mahindi magumu safarini. Alikuwa na mpishi, Halima, mwanamke aliyestahili kitabu chake mwenyewe.)

Ni Kwihara hiyo hiyo iliyonipeleka Tabora Desemba iliyopita. Nilitaka kuandika juu ya tembe alilokaa Livingstone hadi Agosti mwaka ule akisubiri wapagazi. Nilipanda treni na binti yangu, miezi minane, nikafikia kwa mama yangu. Kwenye kadi ya kliniki mstari wa uzito wake ulikuwa umelala kwa miezi miwili. Kijiko alikuwa amekikataa. Ukimletea anafunga mdomo, anageuza kichwa, ukisogea anakipiga kibao. Lakini sahani yangu aliikodolea macho kama mdai.

Nikaanza kumpa vitu vya kushika: kiazi kitamu kilichochemshwa hadi kikalegea, ndizi, tonge la ugali lililochovywa kwenye mchuzi wa maharage. Mama hakupenda. Yeye alijua njia moja, mtoto kulazwa pajani, mikono imebanwa, uji unaingia kwa kijiko hadi kikombe kiishe. Siku binti yangu alipotaka kutapika kwa sababu kiazi kilifika mbali ulimini, mama alimnyakua.

"Mwanangu, unamfanyia majaribio," akasema. "Mimi nimezika. Wewe hujazika."

Alikuwa anamsema kaka yangu. Sikumwona. Aliachishwa ziwa ghafla kwa sababu mimi nilikuwa tumboni, akavimba miguu, nywele zikabadilika rangi, akaondoka kabla ya kutimiza miaka miwili. Daktari Cicely Williams, alipokuwa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, aliuandika ugonjwa huo mwaka 1933, na mwaka 1935 akauita kwa jina la Kiga, kwashiorkor: ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa ziwani na mdogo wake anayekuja. Mdogo mwenyewe ndiye huyu anayekuandikia. Kwa hiyo sikuwa na jibu la haraka la kumpa mama.

Nililotaka kumwambia ni kwamba kijiko chake ndicho kigeni kuliko mkono wa mjukuu wake. Rafiki zangu wa Dar wanaiona habari ya mtoto kujilisha kuwa uzungu mpya, tangu Gill Rapley na mwenzake Tracey Murkett watoe kitabu chao Uingereza mwaka 2008. Chakula cha kusagwa cha makopo nacho si cha kale: kampuni ya Gerber ilianza kukiuza Marekani mwaka 1928. Na mwaka huo huo, huko huko Marekani, daktari Clara Davis alichapisha jaribio lake la kuwawekea watoto waliotoka kuacha ziwa vyakula vya kawaida mbele yao, wachague wenyewe, yaya asiwalazimishe. Walikula, wakakua. Tena kila chakula mezani pale kilikuwa kizuri, jambo ambalo wanaomtaja Davis hupenda kulisahau.

Hata lugha yetu ina mashaka na jambo hili. Kulisha ni kumfanya mwingine ale, na mama mwema ni anayelisha. Kujilisha tumezoea kukusikia pamoja na upepo, kwa mtu anayehangaika bure.

Lakini hofu ya mama ilikuwa na haki yake pia. Mkono unaoshika tonge hauongezi kitu ndani ya tonge. Shirika la Afya Duniani linataka maziwa ya mama peke yake hadi miezi sita, kisha vyakula vya kupondwa, vya kushika kwa mkono kufikia miezi minane, na chakula cha familia mtoto akifika mwaka, huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo mtoto inapungua kuanzia miezi sita, na ugali mtupu hauirudishi. Hapo dagaa wa Kigoma, wanaoshuka kwa reli ile ile, wana thamani kuliko kopo lolote. Tuliwasaga, tukatia kwenye maharage. Karanga nzima tulizificha, maana zinapalia. Na asali, fahari ya Tabora, hapana kabla ya mwaka mmoja, hata tone la kuonjesha, kwa sababu ya vimelea vya botulizimu. Hili lilimuuma mama kuliko yote. Nyumba ya Mnyamwezi, mgeni mdogo haonjeshwi asali?

Alichokubali haraka ni embe. Desemba miembe inaangusha. Mama alimmenyea embe la kienyeji lenye nyuzi, akakata nyama karibu yote, akamwachia kokwa kubwa kuliko mdomo wake. Alikaa wima mkekani, tukimtazama, akaling'ang'ania nusu saa, usoni njano tupu. Miembe hiyo imeifuata njia ya misafara kutoka pwani hadi Ujiji. Sitashangaa kama kokwa lilikuwa chakula cha kwanza cha wengi.

Uji hatukuuacha, ila alianza kuunywa kwa kikombe, mikono yake miwili juu ya ya bibi yake. Tatizo la uji ni hesabu: ukiwa mwepesi ni maji mengi na unga kidogo, na tumbo la mtoto ni dogo, ukiwa mzito haumezeki. Miaka ya 1980 watafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe walishughulikia hilo, hadi kijijini Luganga, Iringa. Walichukua uji mzito, wakautia kijiko cha unga wa nafaka iliyooteshwa na kukaushwa. Vimeng'enya vyake huvunja wanga, uji ukalegea bila kuongezwa maji. Kama ni mtama, machipukizi na mizizi huondolewa kwanza, kwa sababu vina sumu.

Nilimsomea mama maelezo hayo jikoni, kutoka kwenye simu. Alisikiliza hadi mwisho, akacheka.

"Si kimea hicho? Unanisomea togwa," akasema. Akaniuliza kama ulezi wa kuoteshea naujua kuuchagua, au hilo nalo lipo kwenye simu.