Kinu cha Kesses na Sikio la Fundi

Posho lilikuwa jina la kipimo kabla halijawa jina la unga. Katika misafara iliyotoka pwani kwenda bara, posho ilikuwa riziki ya siku aliyogawiwa hamali na askari, iwe mtama, iwe mchele; na walowezi wa nyanda za juu walipozoea kuwalisha vibarua wao kwa mahindi, jina likaung'ang'ania unga wa mahindi, kisha likauhamia mtambo wenyewe uusagao, hata leo mtoto wa Kesses, katika Uasin Gishu nchini Kenya, hutumwa poshomili bila ya kujua kwamba anatamka neno la wapagazi.

Kabla ya mtambo huo, kazi ya kusaga ilikuwa ya mikono ya wanawake: jiwe pana chini, jiwe dogo juu, na wimbi katikati. Mwaka 1908 Makaburu waliotoka Transvaal, wakiongozwa na Jansen van Rensburg, waliupanda uwanda wa Uasin Gishu kwa magari ya ng'ombe kutoka Nakuru. Ngano na mahindi vikafuata, reli ikafika Eldoret mwaka 1924, na baada ya uhuru, mwaka 1964, kituo cha utafiti cha Kitale kikatoa mbegu chotara ya mahindi iitwayo H611. Mavuno yakazidi nguvu za jiwe.

Mtambo uliolirithi jiwe aghalabu ni kinu cha nyundo, nao hauna siri. Ndani ya sanduku la chuma huzunguka shafti yenye vyuma bapa viitwavyo nyundo, ambavyo huzipiga punje hata zikapenya katika matundu ya chekeche. Shafti hulala juu ya beringi, na kwa nje huzungushwa kwa puli na mkanda. Unyenyekevu huo wa umbo ndio uliozaa sanaa ya kusikiliza, kwa kuwa kila kiungo kina sauti yake.

Fundi aliyelelewa vema katika sanaa hii haanzi kwa spana. Huanza kwa maswali, mithili ya tabibu: Mama, kelele hii ilianza lini? Ilikuja ghafula ama polepole? Hulia kikiwa kitupu, au hata kitiwe mahindi? Majibu hayapuuzwi, maana kishindo cha ghafula hudokeza nyundo iliyokatika, au msumari uliochanganyika na nafaka katika uwanja wa kuanikia, ilhali mngurumo uliokua wiki baada ya wiki hudokeza beringi iliyokosa grisi. Kisha huuvua mkanda na kuiwasha injini peke yake: kelele ikiendelea, kinu hakina hatia, ikikoma, huzima, huizungusha shafti kwa mkono, na kusikiliza kwa bisibisi, ncha yake juu ya nyumba ya beringi na mpini wake nyuma ya sikio. Beringi nzima hunong'ona. Iliyoharibika husaga kana kwamba imetiwa mchanga, na fundi huisikia hata kama mwenye kinu haamini.

Kosa lililo kubwa kuliko yote, nami siuoni udhuru wake, ni kubadili nyundo moja iliyovunjika na kuziacha zile zilizolika. Nyundo mpya ni nzito kuliko mwenzake wa upande wa pili; shafti, ambayo huzunguka mara maelfu kwa dakika, hutetemeka, bolti za msingi hulegea, na beringi mpya hufa kabla ya wakati wake, naye fundi aliyeitia beringi hiyo hulaumiwa kwa dhambi isiyo yake. Dawa yake ni kuzibadili kwa jozi zilizolingana uzito.

Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa mwaka 1984 na kuanza na wanafunzi 83 wa misitu waliohamishwa kutoka Nairobi, kimo humo humo Kesses, nacho hufundisha uhandisi. Katika elimu hiyo mtetemo hupimwa kwa ala na kuandikwa kwa hesabu. Lakini kanuni ya uzito uliokosa mizani ni moja, na mwanafunzi asiyepata kuishika bisibisi ile sikioni namhesabu kuwa amesoma nusu.

Tangu mwaka 2015, serikali ilipoanzisha mpango wa kuufikisha umeme katika nyumba za mashambani, mota ya umeme imezidi kuchukua mahali pa injini ya dizeli. Injini ile ilikuwa ikizifunika hitilafu ndogo kwa ngurumo yake. Mota haingurumi hivyo, na kinu kilichodhaniwa kizima kwa miaka mingi sasa husikika kuwa ni kibovu.