Streit's: Zaidi ya Miaka Mia ya Mkate Usiotiwa Chachu

Mwaka 1916, Aron Streit, mhamiaji kutoka Austria, alianza kuoka matza katika mtaa wa Pitt, eneo la Lower East Side jijini New York. Matza ni mkate mkavu na mwembamba, wa unga na maji basi, ambao Wayahudi huula wakati wa Pasaka kukumbuka jinsi wazee wao walivyotoka Misri kwa haraka, bila kungoja unga uumuke. Mwanzoni kazi ilifanywa kwa mikono. Mwaka 1925 Streit alihamia mtaa wa Rivington, si mbali na hapo, na biashara ilipokua familia ikaongeza nyumba za kando hadi kiwanda kikawa majengo manne yaliyounganishwa. Kilidumu hapo miaka 90, kisha mwaka 2015 kikafungwa na majengo yakauzwa. Uzalishaji sasa uko Orangeburg, kaskazini mwa jiji, na kampuni imeshafika mikononi mwa vitukuu. Wapo wanaoihesabu safari hiyo kuwa ni kuukana urithi. Historia ya matza yenyewe inaonyesha kwamba familia hii iliacha kilichoweza kuachwa ili ibaki na kisichoachika.

Kisichoachika ni sheria. Maji yakishagusa unga, saa imeanza kuhesabu: kwa desturi ya matanuri ya Pasaka, kinyunya lazima kiwe kimeingia motoni ndani ya dakika 18, la sivyo huhesabiwa kuwa kimechachuka na ni haramu kuliwa katika sikukuu hiyo. Ndiyo maana marabi husimama kiwandani wakisimamia unga, maji, muda na usafi wa vyombo. Sheria hiyo haitaji mtaa wala aina ya tanuri. Inachodai ni kasi, usafi na uangalizi, na mtambo mzuri unaweza kuyatimiza hayo vizuri kuliko mikono iliyochoka.

Hoja hii si ngeni. Mashine ya kwanza ya matza ilibuniwa Alsace, Ufaransa, mwaka 1838, na kufikia 1859 ilikuwa imewagawa marabi wakubwa wa Galicia. Solomon Kluger wa Brody aliipinga: mabaki ya kinyunya yangenasa kwenye meno ya mashine na kuchachuka, mashine haina nia ya kutimiza amri, na maskini waliotegemea kazi ya kuoka wangekosa posho ya Pasaka. Joseph Saul Nathanson wa Lvov aliitetea. Wakati ulimpa Nathanson ushindi katika sehemu kubwa ya ulimwengu wa Kiyahudi, ingawa wako mpaka leo wanaosisitiza matza ya duara iliyokandwa kwa mkono, hasa kwa usiku wa karamu ya Pasaka. Kwa hiyo kile kiwanda cha Rivington ambacho leo kinaliliwa kama alama ya mapokeo kilikuwa chenyewe tunda la usasa uliowahi kupingwa kwa jina la mapokeo hayohayo.

Atasema mtu: mwacha asili ni mtumwa, na asili ya Streit's ni Lower East Side, mtaa wa wahamiaji uliowalea wateja wake wa kwanza. Uchungu huo una haki yake. Lakini mtaa ulikuwa umeshabadilika kabla kiwanda hakijaondoka. Wajukuu wa wahamiaji walikuwa wametawanyika, malori hayakuwa na pa kuegesha, mitambo ya miaka ya 1930 ilikuwa imekosa vipuri, na matza ya bei nafuu kutoka Israel ilikuwa imejaa madukani. Kung'ang'ania pale kungeweza kuiua kampuni na kuacha jengo la kumbukumbu. Pingamizi zito zaidi ni lile la Kluger kuhusu maskini: kiwanda kinapohama, mfanyakazi wa jijini ndiye anayelipa nauli, au anayepoteza kazi. Hilo ni deni la kweli, na hakuna mtambo mpya unaolifuta.

Kipimo kingine ni Manischewitz, kampuni iliyoanzishwa Cincinnati mwaka 1888 na rabi aliyeupigania uhalali wa mashine. Jina lake lingali kwenye masanduku ya matza, lakini mwaka 1990 familia iliiuza kwa wawekezaji. Streit's ilifanya kinyume chake: iliuza majengo, ikabaki na biashara. Kwa nyumba inayooka chakula cha ibada, huo ndio uamuzi sahihi, maana jengo halina wa kumjibu, ila mwenye jina huwajibika mbele ya rabi na mbele ya mlaji kila Pasaka inapofika.